C.T. Studd: kapteni wa kriketi aliyezikwa Ibambi

Kati ya wamisionari waliozikwa katika ardhi ya Kongo, yupo mmoja ambaye jina lake lilikuwa limekwisha kuandikwa katika magazeti ya London, Melbourne na Sydney miaka thelathini kabla hajakanyaga nchi yetu. Wakati ule hakuna aliyemjua kama mhubiri. Walimjua kama mchezaji. Huyo ni Charles Thomas Studd, ambaye watu wengi wanamtaja kwa herufi mbili tu, C.T., na ambaye ndugu zetu wa upande wa Wamba na Isiro walimwita Bwana Mukubwa.

Hapa kwetu Masereka, Butembo na Beni, jina lake linatajwa mara kwa mara katika semina za vijana na katika mafundisho juu ya misioni. Kwa kawaida linatajwa kwa haraka: tajiri aliyeacha mali, mchezaji aliyeacha mchezo, akaja kufa Kongo. Ni kweli. Lakini maisha ya mtu hayaingii katika sentensi moja, na maisha ya Studd yana mambo ambayo waliomsifu waliyapitia mbio. Tumeona vema tuyasimulie kwa utaratibu, pamoja na yale yanayouma.

Alizaliwa tarehe 2 Desemba 1860 huko Spratton, katikati ya Uingereza. Baba yake, Edward Studd, alipata mali nyingi India kwa kilimo cha mmea unaotoa rangi ya buluu, kisha akarudi kwao kustarehe. Alipenda farasi kuliko kitu kingine. Mwaka 1866 farasi wake aliyeitwa Salamander alishinda mashindano ya Grand National, ambayo kwa Waingereza ni kama fainali ya kombe. Katika nyumba yao kubwa ya Tedworth watoto walikua wakijua farasi, uwindaji na kriketi. Jumapili walikwenda kanisani kwa sababu ni Jumapili.

Katika miaka ya 1870 mzee Edward alikwenda kumsikiliza mhubiri wa Kiamerika, Dwight L. Moody, na akaokoka. Aliuza farasi zake, akafungua ukumbi wa nyumba yake kwa mikutano ya Injili, na kwa muda wa miaka miwili hivi iliyombakia duniani alikuwa akiwasumbua marafiki zake wote kuhusu roho zao. Wanawe watatu, Kynaston, George na Charles, waliokuwa wanafunzi wa shule ya Eton, waliona mabadiliko hayo kwa wasiwasi kidogo. Wakati wa likizo mhubiri mmoja mgeni aliyelala nyumbani kwao alizungumza na kila mmoja peke yake, na wote watatu wakampokea Kristo siku moja, kila mmoja bila kujua habari za mwenzake.

Baada ya hapo, Charles hakufanya chochote na imani yake kwa karibu miaka sita. Hakuikana, ila hakuizungumzia. Kwa maneno yetu ya kanisani tungesema alirudi nyuma. Yeye mwenyewe baadaye alisema hivyo, na sababu aliijua: alikuwa na mchezo.

Hapa inatupasa kueleza mchezo wenyewe, kwa maana sisi huku ni watu wa mpira wa miguu. Kriketi inachezwa na timu mbili, kila moja watu 11. Katikati ya uwanja vinasimamishwa vijiti vitatu upande huu na vitatu upande ule. Hivyo ndivyo vinavyoitwa wiketi. Mrushaji anarusha mpira mgumu wa ngozi akitaka kuviangusha. Mpigaji anavilinda kwa gongo bapa la mbao, na akiupeleka mpira mbali, yeye na mwenzake wa upande wa pili wanakimbia kubadilishana nafasi. Kila mkimbio ni pointi moja. Nyuma ya vijiti anachuchumaa mlinda wiketi mwenye glavu, anayedaka mipira inayopita. Mpigaji akitolewa, anaingia mwingine, mpaka kumi watoke. Kazi inahesabiwa mara mbili: mikimbio uliyoipata kwa gongo na wiketi ulizoziangusha kwa kurusha. Wachache sana wanaweza yote mawili kwa kiwango cha juu. Studd aliweza.

Alikuwa kapteni wa Eton mwaka 1879. Kisha akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge, na huko ndugu hao watatu walifanya jambo lililowashangaza Waingereza: George alikuwa kapteni wa chuo mwaka 1882, Charles mwaka 1883, Kynaston mwaka 1884, kana kwamba cheo hicho ni urithi wa nyumba yao. Mwaka 1882 ulikuwa mwaka wa Charles. Timu ya Australia ilikuja Uingereza, kali sana, na kijana huyu wa miaka 21 akapata mikimbio 118 dhidi yao kule Cambridge, ambapo wanafunzi waliwashinda Waaustralia, halafu akapita tena mia moja dhidi yao uwanjani Lord's. Msimu huo alipita mikimbio 1,000 na wiketi 100, na msimu uliofuata akafanya hivyo tena. Aliitwa timu ya taifa.

Mechi yenyewe ilichezwa uwanja wa The Oval, London, tarehe 28 na 29 Agosti 1882. Ardhi ilikuwa imelowa mvua na kupiga mpira kulikuwa kugumu kwa wote. Australia chini ya kapteni wao Billy Murdoch walipata 63 tu, Uingereza 101. Studd, aliyekuwa tegemeo, alitolewa na Fred Spofforth bila mkimbio hata mmoja. Katika zamu ya pili Australia walipata 122. Kabla hawajamaliza, mchezaji wao kijana Sammy Jones alitoka kidogo mahali pake kusawazisha ardhi, akidhani mpira umekwisha kufa, na W.G. Grace, Mwingereza mashuhuri kuliko wote, akamwangushia vijiti. Kisheria alitoka. Waaustralia waliona ni hila, na Spofforth aliingia uwanjani na hasira kifuani.

Uingereza walihitaji mikimbio 85 tu. Walifika 51 wakiwa wamepoteza watu wawili, na mashabiki walianza kuhesabu ushindi. Ndipo Spofforth akaanza kuwaangusha mmoja baada ya mwingine. Kapteni wa Uingereza, A.N. Hornby, alibadilisha mpangilio wa wapigaji na kumrudisha Studd nyuma, mpaka nafasi ya kumi. Kijana aliyekuwa amewapiga Waaustralia hao hao mara mbili kupita mia moja msimu ule, aliketi akiangalia wenzake wakienda na kurudi. Alipoingia hatimaye, hakupata kuupiga mpira hata mmoja: mwenzake wa mwisho, Ted Peate, alitolewa upande wa pili, na Studd akabaki amesimama na gongo mkononi. Uingereza walipata 77, wakashindwa kwa mikimbio 7. Spofforth alikuwa ameangusha wiketi 14 katika mechi moja.

Gazeti moja la michezo la London lilichapisha tangazo la mzaha la kifo: kriketi ya Uingereza imekufa, mwili utachomwa, na majivu yatapelekwa Australia. Miezi michache baadaye Ivo Bligh aliongoza timu kwenda kuyafuata hayo majivu, na ndani yake walikuwemo Charles na kaka yake George. Njiani, karibu na Colombo, meli yao iligongana na nyingine, na mmoja wa warushaji wao akaumia. Walifika hivyo hivyo. Walishindwa mechi ya kwanza Melbourne, wakashinda ya pili na ya tatu dhidi ya timu ya Murdoch, na akina mama wa huko wakampa Bligh chombo kidogo cha udongo chenye majivu. Kipo mpaka leo katika makumbusho ya Lord's, kidogo kuliko kikombe cha chai, na katika shairi lililobandikwa juu yake limo jina la ndugu hao, Studd. Uingereza na Australia wanaendelea kushindania majivu hayo.

Kwa jumla Charles alicheza mechi tano za timu ya taifa. Ni chache. Katika mechi hizo hesabu yake haikuwa ya ajabu kama ilivyokuwa kwa chuo chake. Lakini alikuwa na miaka 22, alikuwa kapteni wa Cambridge, na kila aliyeujua mchezo alitazamia miaka mingine kumi au kumi na tano.

Haikuwa hivyo. Mwishoni mwa 1883 George aliugua vibaya, na kwa siku kadhaa nyumba nzima ilikaa ikingoja kifo. Charles alikaa karibu na kitanda cha kaka yake, na mawazo yaliyomjia pale tunaweza kuyaelewa wote ambao tumewahi kulinda mgonjwa usiku: sifa za uwanjani zinamsaidia nini huyu sasa? George alipona. Moody alikuwa tena Uingereza, na Charles akaenda kumsikiliza, akageuka moyo, na mara moja akaanza kuwapeleka wachezaji wenzake mikutanoni. Mwishoni mwa 1884, baada ya kumsikia mmisionari aliyerudi kutoka China, alitangaza kwamba anakwenda huko.

Familia ililia. Mama yake alimwomba angoje hata wiki moja tu. Kynaston, aliyekuwa mcha Mungu kweli, alimwona kama anamvunja mama yao moyo bila sababu. Jambo hili tunaliweka hapa kwa makusudi, kwa kuwa litarudi katika maisha yake: Studd akishaamua, wapendwa wake ndio waliolipa sehemu ya gharama.

Aliondoka London tarehe 5 Februari 1885 pamoja na vijana wengine sita: Montagu Beauchamp, William Cassels, Dixon Hoste, Stanley Smith, na ndugu wawili Arthur na Cecil Polhill-Turner. Waliitwa Saba wa Cambridge, ingawa wawili kati yao walikuwa maofisa wa jeshi. Safari yao iliwatikisa wanafunzi wa Uingereza nzima, na wengi walijitoa kwa misioni kwa sababu yao. Kule China walinyoa sehemu ya mbele ya kichwa, wakasuka mkia wa nywele nyuma, wakavaa na kula kama Wachina.

Huko ndiko alipotimiza miaka 25 na kupata haki ya urithi wa baba yake. Ilikadiriwa kuwa paundi 29,000, mali ambayo ingemlisha yeye na watoto wake bila kazi maisha yote. Aliamua kuigawa. Alipokwenda kwa konseli wa Uingereza ili kutia saini, konseli alikataa kushuhudia mpaka ziishe wiki mbili, akidhani kijana amepatwa na kitu kichwani. Wiki mbili zikaisha, akarudi. Januari 1887 alituma paundi 5,000 kwa Moody, ambazo zilisaidia kuanzisha shule ya Biblia ya Chicago, 5,000 kwa George Müller kwa ajili ya yatima na misioni, 5,000 kwa kazi ya maskini wa London, 5,000 kwa Jeshi la Wokovu India, na nyingine kwa watumishi wengine. Alibakiza 3,400 kwa ajili ya bibi arusi wake, Priscilla Stewart, binti wa Ireland ya Kaskazini aliyekuwa mmisionari kama yeye. Priscilla hakuzitaka. Zikaenda pia kwa Jeshi la Wokovu, na mwaka 1888 wakaoana hawana kitu.

Walikaa China mpaka 1894, wakiwahudumia hasa watu waliofungwa na kasumba, na huko wakazaa binti wanne, Grace, Dorothy, Edith na Pauline. Walirudi Uingereza wote wawili wagonjwa. Baadaye alizungukia vyuo vya Marekani, akawa mchungaji miaka sita kule Ootacamund, kusini mwa India, akiteswa na pumu kiasi cha kulala kwa kuketi. Miaka hiyo tunaipita.

Mwaka 1908, Liverpool, aliona tangazo mlangoni lenye maneno ya mzaha kuhusu wala watu wanaotafuta wamisionari. Aliingia kucheka, akamkuta Mjerumani Karl Kumm, akieleza jinsi katikati ya bara wafanya biashara wamefika, wawindaji wamefika, maofisa wamefika, na wahubiri bado. (Kuhusu hayo maneno ya wala watu: babu zetu wameandikwa hivyo katika vitabu vingi vya Wazungu wa wakati ule, na hatuna haja ya kuyarudia kama ukweli wa Kongo nzima.) Studd alikuwa anakaribia miaka 50. Daktari alimwambia akivuka kusini ya Khartoum atakufa. Wafanya biashara waliokuwa wameahidi gharama wakajitoa. Alipanda meli peke yake Desemba 1910.

Sudan ya kusini ilimwonyesha kwamba ng'ambo ya mpaka, katika Kongo ambayo Wabelgiji walikuwa wameipokea kutoka kwa Leopold mwaka 1908, kulikuwa na watu wengi kuliko kule alikokuwa. Alirudi Uingereza akiwa na malaria, na mwaka 1913 akaondoka tena na kijana mmoja wa miaka ya ishirini, Alfred Buxton. Waliingia kwa njia ya Mombasa na Uganda, wakavuka Ziwa Albert hadi Mahagi, wakapita Kilo, kisha wiki nyingi za msitu, kwa miguu na baiskeli, mizigo ikibebwa na vichwa vya Wakongomani. Oktoba 1913 walifika Niangara, kwenye mto Uele. Baadaye wakafungua Nala. Ubatizo wa kwanza ulifuata, na Studd akarudi Uingereza kutafuta watu.

Julai 1916, wakati vita vikiendelea Ulaya, aliondoka kwa mara ya mwisho. Alifuatana na kikundi kidogo, akiwemo binti yake Edith aliyekuwa anakwenda kuolewa na Buxton. Priscilla alibaki. Moyo wake ulikuwa mgonjwa na madaktari walikuwa wamemkataza hata kutoka kitandani sana. Lakini mama huyu aliinuka kitandani, akafanya nyumba yao ya London kuwa ofisi ya misioni, akaandika barua usiku na mchana, akazunguka nchi kutafuta maombi, fedha na watumishi. Kila mmisionari aliyefika Ibambi alipita mezani kwake. Sisi tunaona kwamba bila yeye, kazi ya Kongo isingalidumu miaka mitano. Hata hivyo, kwa miaka kumi na miwili mume na mke hao hawakuonana uso kwa uso.

Katika miaka ya 1920 Studd alihamia Ibambi, katika eneo la Wamba. Kwa anayetoka kwetu, ni kupita Komanda, Mambasa na Nia-Nia, kisha kupanda kaskazini, njia ambayo leo ndugu zetu wengi hawaithubutu kwa sababu ya usalama. Aliishi katika nyumba ya mianzi na majani. Aliamka saa za usiku kabla ya jogoo, akaomba, akaandika, na kazi yake ilifika saa 18 kwa siku. Alipiga banjo katika ibada. Watu walikuja kwa mamia, baadaye kwa maelfu, wengine wakitembea siku kadhaa, na ibada ya saa nne au tano haikuwa kitu cha ajabu.

Na alitafsiri. Watu wa huko walikuwa na lugha nyingi, lakini Kingwana, Kiswahili kilichopanda kutoka Manyema na misafara ya Wangwana, kilikuwa kimeenea. Mtu huyu aliyesoma Eton na Cambridge, mgonjwa, asiye na meno tena, aliketi na kuliweka Agano Jipya lote katika Kiswahili hicho cha njiani na sokoni, pamoja na Zaburi, akaandika pia nyimbo. Wasomi wa Kiswahili cha pwani wangeona makosa kila mstari. Yeye alitaka mwanamke anayetoka shambani asikie mara moja. Sisi ambao mpaka leo tunasali Kiswahili ambacho watu wa Unguja wanakicheka, tunaielewa hoja yake kuliko wao.

Sasa yale mengine. Studd alitaka kila mmisionari aishi kama yeye: bila likizo, bila starehe, bila chakula kizuri, bila kulalamika. Waliougua walionekana dhaifu. Waliouliza maswali walionekana wasioamini. Aliwaona pia Wakristo wengi wa Kongo kuwa wamepokea neema bila kuacha dhambi, akawahubiria kwa ukali hata wenzake wakaogopa kwamba anafundisha wokovu wa matendo. Mgogoro na Buxton, mtu aliyetembea naye msituni na aliyemwoa binti yake, ulifika mpaka wakaachana katika kazi. Alikuwa Buxton aliyevumilia miaka ya mwanzo huko ndani wakati Studd amerudi Uingereza. Hatupendi kulisoma jambo hilo, lakini ndivyo lilivyokuwa.

Aliandika kijitabu cha kuamsha watu, akakipa jina la herufi tatu, D.C.D., zilizoficha neno ambalo Waingereza wacha Mungu hawakulisema hata kwa siri. Alitaka kusema kwamba askari wa Kristo hajali kitu kingine chochote. Wafadhili wengi walijali, wakaondoka. Tena, katika maumivu yake alipewa na daktari vidonge vya mofini, akaendelea kuvitumia miaka mingi. Habari hizo zilipofika London, komite ya misioni iliona kwamba mzee hafai tena kuongoza. Waliokuwa wakimtetea zaidi walikuwa mkwe wake mwingine, Norman Grubb, na mkewe Pauline.

Katika hayo yote kuna wiki mbili za mwaka 1928. Priscilla, ambaye madaktari walikuwa wamemkatia tamaa zamani, alisafiri mpaka Ibambi. Wakristo wa huko walikuwa wameambiwa miaka yote kwamba Bwana Mukubwa ana mke, na kwamba yuko Ulaya kwa ajili yao. Walipomwona, ndipo waliposadiki kabisa. Alihubiri kwa mkalimani. Kisha joto likakaribia na kazi ya ofisi ikamwita, akarudi. Wote wawili walijua kwamba ni kwaheri ya mwisho, na wanaosimulia wanasema hawakuzungumza sana njiani kuelekea gari. Alifariki Januari 1929 huko Malaga, Hispania.

Mwaka huo huo Kynaston, kaka aliyempinga asiende China, alikuwa Meya Mkuu wa London. Mwaka 1930 mfalme wa Wabelgiji alimpa Charles nishani ya Simba. Hatudhani aliivaa mara nyingi pale Ibambi.

Jumapili tarehe 12 Julai 1931 aliongoza ibada ya saa tano. Kesho yake alianza kuumwa tumbo, na nguvu zikamwisha haraka. Sauti ilipokatika aliendelea kutamka Haleluya kwa pumzi tu, na hilo ndilo neno la mwisho waliloliokota midomoni mwake. Alikufa usiku wa Alhamisi, tarehe 16 Julai 1931, miaka 70. Umati uliojaza Ibambi siku ya mazishi ulikuja kwa miguu kutoka msituni kote, na wazee wa kanisa, wengi wao waliobatizwa wakati wake, waliomba mmoja baada ya mwingine kando ya kaburi.

Mwaka huohuo mgawanyiko ulikamilika. Baadhi ya wamisionari na wanakomite walianzisha misioni nyingine, Unevangelized Fields Mission, ambayo nayo ilifanya kazi Kongo, upande wa Kisangani. Grubb alibaki na wachache London, na mwaka 1933 akatoa kitabu cha maisha ya baba mkwe wake ambacho kilisomwa duniani kote; habari nyingi za Studd zinazosimuliwa makanisani zimetoka humo, na ni kitabu cha mkwe anayempenda. Buxton, baada ya kutumika Ethiopia, aliuawa na bomu London mwaka 1940. Pale Ibambi uongozi ulishikwa na Jack Harrison, mpaka naye akafa mwaka 1945. Hospitali ya Nebobongo ilikua karibu na hapo. Mwaka 1964 waasi wa Simba waliwaua wamisionari wawili wa misioni hiyo pale Wamba, na Wakristo wengi wa Kongo waliteswa pamoja nao. Kanisa lililotokana na kazi ile linaitwa leo CECCA, nambari 16 katika Kanisa la Kristo Kongo, na wachungaji wake ni Wakongomani. Makao ya Ibambi yapo, na kaburi lipo.